Barua Iliyosomwa Mara Mbili

Wazazi wenzangu, na ninyi mabinti ambao posa zenu huenda zinazungumzwa sasa hivi bila ninyi kujua, nipeni nafasi niwasimulie yaliyompata Eunike, mke wa Eliasi. Ni mambo ya wakati wa Mwingereza, miaka ile serikali ilipokuwa ikifyeka pori la Kongwa ili kupanda karanga, na vijana wengi wa kwetu wakashuka mlimani kwenda kutafuta kazi ya matrekta.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, mwezi wa pili, mwaka wa 1950. Ibada ilikuwa imekwisha. Mlima Meru ulikuwa wazi mpaka kileleni, na watu walisimama nje ya kanisa wakisalimiana, watoto wakikimbizana kando ya mfereji. Mzee wa kanisa alitoka na barua zilizofika kwa sanduku la posta la usharika, akaanza kuita majina. Eunike alisimama pamoja na wanawake wenzake akingoja. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Aliolewa mwaka uliopita, akakaa na mumewe miezi minne tu, kisha Eliasi akapanda lori la Dodoma kwenda kuendesha trekta. Mtoto walikuwa hawajapata.

"Eunike wa Eliasi!"

Aliipokea barua kwa mikono miwili. Ilikuwa nene kuliko zote zilizotangulia. Akatabasamu, akaificha ndani ya khanga yake, akashika njia ya nyumbani kati ya migomba.

Mimi nasema, asubuhi ile angekuwa amefundishwa kusoma, hadithi hii isingekuwepo. Lakini baba yake alikuwa amewapeleka shule watoto wa kiume watatu, akambakiza yeye kuchunga mbuzi na kubeba maji. Wakati ule hakuna aliyeona kosa.

Pale nyumbani kwa mkwe wake, Mzee Anande, aliyejua kusoma kati ya wanawake alikuwa mmoja tu: Elizabeth, mke wa Sadoki, kaka mkubwa wa Eliasi. Elizabeth alikuwa amefika darasa la nne. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye sauti ya chini na watoto wanne, wote wa kiume. Kila barua ya Eliasi aliisoma yeye, na kila jibu aliliandika yeye. Eunike alimwita dada.

"Kaa hapa, mdogo wangu," Elizabeth alimwambia siku ile, akifuta mikono kwenye aproni. "Tuone mwenzetu anasemaje."

Walikaa kwenye gogo nyuma ya jiko. Elizabeth akaifungua barua, macho yake yakatembea juu ya karatasi kwa muda mrefu.

"Dada, vipi? Kuna ubaya?"

Elizabeth alishusha pumzi. "Anawasalimu wazee. Anasema mvua hazijanyesha kabisa huko, vumbi tupu. Kazi imepungua. Ila, anasema…" Akasita. "Mdogo wangu, mimi nakuonea huruma."

"Soma tu."

"Anasema hana haraka ya kurudi. Amepata pa kukaa huko. Anasema wewe bado msichana, huna mtoto, usipoteze ujana wako kumngoja. Urudi kwa mama yako. Shamba lake anamwachia kaka yake alitunze."

Eunike hakulia. Machozi yake yalikuwa yamekwisha kwa zile barua za nyuma. Tangu mwezi wa kumi na moja, kila barua iliyosomwa ilikuwa baridi kuliko iliyopita. Mwanzoni Eliasi alimwita mke wangu, baadaye akawa hata jina lake halitaji. Usiku na mchana Eunike alikuwa akimtuhumu. Alimwona moyoni mwanamke wa huko Kongwa, akimpikia, akimfulia, akimcheka yeye aliyeachwa mlimani akipalilia kahawa. Na kila alipoumia, Elizabeth ndiye aliyemfuta machozi. "Wanaume ndivyo walivyo," alimwambia. "Lakini usilitoe hili nje. Barua ya mume haisomwi nje ya boma. Watu watatucheka."

Basi siku ile tuhuma zake kwa Eliasi zilifika mwisho wake. Alisimama ili aende akafungashe. Akanyoosha mkono kuichukua barua.

"Niachie, nitakuwekea pamoja na nyingine," Elizabeth alisema.

"Hii nipe, dada. Ni ya mwisho."

Elizabeth alisita kidogo, akampa.

Alipokuwa peke yake chumbani ndipo Eunike alipoigeuza karatasi na kuona kwamba ilikuwa imeandikwa pande zote mbili. Maneno yalijaa mpaka pembeni, hakuna nafasi ya kuweka kidole. Akakaa kitandani. Alijaribu kukumbuka mikono ya Elizabeth. Aliikumbuka vizuri, kwa sababu alikuwa akiitazama kama mtu anayengoja hukumu. Elizabeth hakuigeuza karatasi hata mara moja.

Akajiambia, labda alisoma moyoni akanifupishia kwa huruma. Lakini wazo likishaingia halitoki. Alitoa kwenye sanduku cheti chake cha ubatizo, ambapo mchungaji alikuwa amemwonyesha zamani jina lake lilipoandikwa. Hakujua herufi, ila umbo la neno lile alilijua kama mtu anavyoijua njia ya kisimani. Alikiweka cheti kando ya barua, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Alilikuta mara moja. Akalikuta tena. Jina lake lilikuwa limeandikwa mara tatu katika barua ambayo, iliposomwa, haikumtaja hata mara moja.

Kuanzia saa ile nyumba ikawa ngeni kwake. Alianza kumtazama Elizabeth bila kumtazama. Aliona jinsi Elizabeth alivyonyamaza kila Sadoki alipoingia. Aliona jinsi alivyowaambia watoto wake, "Msikate majani upande ule wa Eliasi, karibu patakuwa petu." Hata loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, aliyomletea bakulini jioni, Eunike aliionja kwanza kwa ncha ya kijiko, kisha akaona haya, kisha akaimwaga kwa mbuzi.

Siku ya Jumatano alimwendea nyuma ya jiko, akainamisha kichwa.

"Dada, nakuomba unisomee tena ile barua. Kabla sijaenda kwetu niyaweke maneno yake moyoni."

Sura ya Elizabeth ililainika. Aliipokea, akasoma taratibu kwa sauti ya huzuni. "Wasalimu wazee wote. Huku mvua zimezidi, barabara zimekatika, matrekta yamezama kwenye matope…"

Eunike alimsikiliza, mikono mapajani. Mtu asiyejua kusoma hukumbuka alichosikia. Hana mahali pengine pa kukiweka. Jumapili ilikuwa vumbi tupu. Jumatano ni matope. Karatasi ni ile ile.

"Ahsante, dada," alisema, akaichukua barua.

Jumamosi yake alikata mikungu miwili ya ndizi, akamwambia mama mkwe kwamba anashuka sokoni Arusha, akatoka kabla jua halijachomoza. Alipouuza mmoja hakwenda kutafuta chumvi. Alikwenda moja kwa moja karibu na posta, alipokuwa akikaa Mzee Omari na meza yake ndogo na miwani iliyofungwa uzi, kazi yake kuandikia watu barua na kuwasomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Kuandika au kusoma?"

"Kusoma. Lakini nakuomba usinifiche kitu, hata kikiwa kibaya. Na usiongeze."

Mzee Omari alimtazama juu ya miwani. "Mimi nasoma kilichoandikwa. Sina cha kwangu humo."

Akasoma. Na Eunike aliyasikia maneno ya mumewe kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi na moja.

"Mke wangu mpendwa Eunike. Hii ni barua ya tatu nakuandikia tangu trekta iliponivunja mguu. Nimelala hospitali wiki saba. Eunike, sikuamini uliponijibu kwamba hutaki mume kilema, na kwamba nisikusumbue tena. Nilimwomba mwenzangu aisome mara ya pili, nikidhani homa imenichanganya. Sasa nimetoka. Kazi huku inafungwa, wenzangu wanakwenda Tanga kwenye mkonge, wananiambia twende, nitapata kazi ya kukaa. Nataka kurudi nyumbani kwako. Lakini siwezi kuja kukaa na mtu asiyenitaka. Eunike, niambie mara moja tu, kwa kweli ya moyo wako. Nisipopata jibu mwisho wa mwezi huu, nitajua, nitakwenda Tanga, na shamba kaka Sadoki alichukue."

Eunike alikaa chini pale pale, mgongo ukiegemea ukuta. Mguu uliovunjika! Wiki saba za hospitali! Na yeye wiki zote hizo alikuwa akimlaani kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo.

Mnadhani alimshukuru yule mzee na kumkabidhi jibu? Hapana. Ndivyo mtu aliyedanganywa anavyokuwa. Alimtazama Mzee Omari, akajiuliza: na huyu je? Nimeamini mdomo mmoja miezi minne, sasa nauamini mwingine kwa robo saa? Aliomba radhi, akachukua barua yake na mkungu uliobaki, akaenda mtaa wa Kaloleni.

Kule alikuwepo Zamda, mke wa fundi cherehani, aliyekuwa akinunua ndizi kwake kila siku ya soko. Baba yake alimfundisha kusoma nyumbani. Alisoma polepole, kidole chini ya neno, akirudia silabi. Eunike hakumwambia lolote. Alimpa barua tu, akasubiri.

"Mke… wangu… mpendwa… Eunike," Zamda alianza. Alipofika kwenye mguu aliinua macho. "Dada yangu, hii barua ni yako?"

"Endelea. Tafadhali endelea."

Ilikuwa ile ile, neno kwa neno. Trekta, mguu, Tanga, mwisho wa mwezi. Zamda alipomaliza aliiweka barua mkekani, akamshika mkono. Hapo ndipo Eunike alipolia, na alilia mpaka mtoto wa Zamda akaamka.

Mwisho wa mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi. Zamda aliandika jibu kwa herufi kubwa kubwa: "Eliasi mume wangu, sikukuandikia maneno yale. Sikujua kama umeumia. Njoo na mguu wowote ulio nao. Usinijibu kwa sanduku la usharika, jibu kwa sanduku la duka anaposhona mume wa Zamda." Eunike aliibeba mbio mpaka posta, akamwambia Mzee Omari aisome kwa sauti kabla haijafungwa. Mzee yule hakuudhika. Aliisoma, akaifunga, akasema, "Ukifika nyumbani tafuta mtu akufundishe, binti. Utachoka kukimbia hivi."

Alirudi mlimani akanyamaza. Lakini Elizabeth hakunyamaza. Alikuwa amekwisha mwambia mama mkwe kwamba Eliasi amemwacha mkewe, na mama mkwe akamwambia mzee. Jumapili baada ya ibada Mzee Anande aliwaita watu wa nyumbani barazani, pamoja na Mwalimu Philemoni wa usharika awe shahidi.

"Mwanangu Eunike," mzee alisema, na uso wake ulikuwa mzito, "hujatukosea. Lakini mume wako amesema. Siwezi kukushikilia hapa kwa nguvu."

"Baba, nitakwenda," alijibu Eunike. "Ninaomba jambo moja. Dada aisome barua mbele yenu, ili nikifika kwetu wasiseme nimefukuzwa bila sababu."

Alimpa Elizabeth barua. Elizabeth aliisoma, na safari hii hakubadilisha habari ya mvua, alisema matope kama Jumatano. Alipomaliza Eunike alisimama.

"Sasa naomba Mwalimu aisome."

Mwalimu Philemoni alinyoosha mkono. Elizabeth alitazama mkono ule, akamtazama mumewe Sadoki. Jiko la mlangoni lilikuwa na makaa ya kuchomea mahindi. Kabla mtu hajatamka neno, aliinama akaitupa barua ndani. Ilishika moto mara moja.

Karatasi ilijikunja, ikawa nyeusi.

"Imeponyoka," Elizabeth alisema.

"Haikuponyoka," alisema Mwalimu Philemoni kwa upole. "Umeitupa. Kwa nini, Mama?"

Eunike, macho yake kwenye yale majivu, akaanza kuisema barua ile tangu salamu mpaka mwisho, kama alivyoisikia mara mbili mjini. Alipofika kwenye mguu, mama mkwe alipiga ukelele. "Mwanangu amevunjika mguu? Amevunjika na mimi sijui?"

Ukelele ule wa mama ndio uliomvunja Elizabeth, si maswali ya Mwalimu. Aliketi chini akafunika uso.

"Nina watoto wanne wa kiume," alisema. "Wanne! Watalima wapi? Huko chini kote ni mashamba ya masetla. Juu ni msitu wa serikali. Tumebaki na hizi hatua chache, tugawane mpaka lini? Yeye hana hata mtoto. Nilisema moyoni, kijana akipata kazi yake huko, atasahau. Sikujua ataumia. Barua ya mguu ilipofika nilikuwa nimekwisha anza, sikujua pa kugeukia."

Sadoki aliapa kwamba hakujua. Labda ni kweli. Mpaka leo hakuna mwenye hakika, na yeye mwenyewe aliishi na macho ya watu mgongoni mwake.

Natamani niwaambie kwamba Eliasi alifika kesho yake. Hakufika. Barua ya Zamda ilimkosa kwa siku mbili. Wenzake waliondoka mapema na lori, akaondoka nao. Ilizunguka miezi mingi ndipo ikamfikia Tanga. Eunike alishuka Kaloleni kila soko, mwezi wa tatu, wa nne, wa tano, na kila mara fundi alitikisa kichwa. Mzee Anande alimwambia akae, asiondoke hata mtu aseme nini. Alikaa. Lakini alilala na hofu, akijiuliza kama safari hii kweli hakuna mwanamke.

Eliasi alirudi mwezi wa saba, wakati wa kuchuma kahawa, akiegemea fimbo. Alikuwa amekonda. Alimkuta Eunike shambani, kikapu kiunoni. Walisimama wakatazamana kama watu wasiojuana.

"Umekuja," alisema Eunike.

"Nimekuja."

Jioni Eliasi alitoa mfukoni barua mbili, zile "zake" Eunike, zilizokunjwa mpaka zikachanika. Alimsomea. Eunike alisikiliza matusi aliyodaiwa kumwandikia mgonjwa hospitalini, akahisi anavuliwa nguo. Kisha naye akamweleza aliyosomewa, na jinsi alivyodhani amepata mwanamke Kongwa.

"Uliamini kwamba ni mimi?" aliuliza.

"Kulikuwa na jina lako chini."

"Ulikaa na mimi miezi minne, Eliasi. Ulinisikia nikisema hivi hata siku moja?"

"Na wewe uliamini kwamba nimeoa Kongwa," alijibu, naye hasira zikimpanda. "Mbona hukutafuta mtu mwingine wa kukusomea mapema?"

Muda mrefu waliishi kwa tahadhari, kila mmoja akipima neno la mwenzake kabla ya kulipokea. Elizabeth alitengwa na meza ya Bwana miezi sita, akatubu mbele ya kanisa. Eunike alimpa mkono wa msamaha. Lakini hakuna aliyempelekea tena barua asome, na alipomsalimia mtu njiani, mtu yule alifikiri kwanza alichomaanisha. Nadhani adhabu hiyo ilikuwa ndefu kuliko ile ya kanisa.

Eunike alijiunga na darasa la wanawake lililofundishwa na Mwalimu Philemoni kila Jumanne alasiri. Walicheka wenzake, mke wa mtu kuimba ba be bi bo bu kama watoto. Hakuwajali. Alisoma akiwa na mimba ya mtoto wake wa kwanza, na alisoma mtoto akiwa mgongoni.

Mwaka wa pili ilifika barua kutoka kwa rafiki wa Eliasi aliyebaki Tanga. Eliasi aliifungua wakiwa wanakula.

"Nikusomee?" aliuliza.

Eunike alinawa mikono, akaifuta kwa khanga. "Lete nisome mwenyewe."

Eliasi alimtazama. "Bado huniamini?"

"Nakuamini," alisema Eunike. "Lete nisome."

Alimpa. Eunike alisoma kwa kusuasua, akikwama kwenye majina ya watu, na Eliasi alikaa akisikiliza mpaka mwisho bila kumsahihisha, chakula kikipoa.

FUNZO

Ndugu zangu, tusimlaumu Elizabeth peke yake na kwenda kulala. Alifanya uovu, na kwa aliyeaminiwa kusema maneno ya mwenzake uovu huo ni mkubwa kama kuiba mtoto mgongoni mwa mama. Anayesoma au kuandika kwa niaba ya mtu asiyejua, ajue ameshika ndoa, ameshika mzazi, ameshika uhai wa watu mkononi.

Lakini mlango ulifunguliwa na wengine kabla yake. Uliachwa wazi na baba aliyemnyima binti yake kalamu, na sisi sote tulioita aibu jambo la kumwonyesha mtu mwingine karatasi moja. Msichana asiyejua kusoma huishi kwa huruma ya mdomo wa mtu, na siku mdomo ule ukigeuka, hana pa kushika.

Nanyi wanandoa, mkishikwa na shaka juu ya mwenzenu, msiilee gizani kwa kusikiliza anayewabembeleza. Ipelekeni shaka hiyo kwenye ukweli haraka, kwa miguu yenu wenyewe, hata kama ni mbali. Eunike alikwenda, akaiokoa nyumba yake. Alichelewa miezi minne tu, na miezi hiyo minne iliwagharimu miaka miwili ya kuogopana.

Wapelekeni mabinti shule.